Bomba la Mama Mkwe

Maji ya manispaa huja mtaa wa Pumula siku ya Alhamisi asubuhi, na mchana hukatwa. Hilo kila mtu analijua, hata kuku. Alhamisi hiyo yalikuja, yakaondoka, na nyumba ya MaGumede haikuambulia hata ndoo ya kuogea.

Si kwamba hayakufika. Yalifika hadi uani, yakafika mahali ambapo Vusumuzi alikuwa ameliunga bomba jeusi kwa gundi yake, na hapo yakaona safari imetosha. Kiungo kilifunguka taratibu, kama mdomo wa mtu anayetaka kuuliza jambo, kisha bomba likachomoka na maji yakaelekea kwenye kitalu cha maharage. Vusumuzi alilidaka, akalirudisha mahali pake, akalikalia. Maji yakatokea upande wa pili wa suruali.

"Dube," jirani yao mzee Ndiweni alimwita kwa jina la ukoo, akichungulia juu ya ukuta huku kwake tangi linajaa, "hayo maharage ulipanda lini?"

"Bado sijapanda, mzee."

"Basi unamwagilia nia."

Sikhangele, mke wa Vusumuzi, alikuwa amesimama kando na ndoo mbili tupu. Alitamani kucheka, lakini wa kuchekwa alikuwa mume wake, na aliyekuwa akitoka mlango wa jikoni wakati huo alikuwa mama yake, MaGumede.

Bomba lenyewe halikuwa na kosa. Lilikuwa limelala ardhini tangu Sikhangele hajazaliwa, likiyatoa maji kwenye mita mbele ya nyumba na kuyapeleka tangini nyuma, bila kumsumbua mtu. Vusumuzi ndiye aliyelikata kwa jembe. Alikuwa akimlimia mama mkwe kitalu cha maharage, kazi ambayo hakuna aliyemtuma, ila mwanamume anayeishi ukweni hutafuta kitu cha kushika ili asionekane amekaa. Tangu kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilipofungwa, yeye na mke wake walikuwa wakilala chumba cha nyuma, na katika muda huo alikuwa amepaka lango rangi, amepogoa mpera, amehamisha rundo la matofali kutoka pembe moja ya ua hadi nyingine, na kazi zilipomwishia akayarudisha.

MaGumede alisimama kizingitini, akajifunika mabega kwa shali.

"Sikhangele," alisema, "muulize mumeo kama tangi limejaa."

Vusumuzi alikuwa pale pale, amelowa mpaka kiunoni. Aliinamisha kichwa na kutazama mpera, kama mkwe mwenye adabu.

"Mama anauliza kama tangi limejaa."

"Mwambie mama bado kidogo."

"Anasema bado kidogo, mama."

"Mwambie naona."

Hivyo ndivyo walivyozungumza tangu ndoa. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na neno likitaka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule hupitia kwa mtu wa tatu. Katika nyumba yenye watu wengi jambo hilo halina uzito. Yeyote aliye karibu hubeba kipande chake. Kwa MaGumede mtu wa tatu alikuwa mmoja tu. Sikhangele aliyabeba maneno yote, ya chumvi na ya kufunga lango, ya asubuhi na ya jioni, na kama mbeba mzigo yeyote, alikuwa amejifunza kupunguza njiani.

Mchana, mabomba ya mtaa mzima yalipokwisha kunyamaza, mama yake alimwita jikoni. Alikuwa akichambua dagaa, vichwa huku, miili kule, na hakupandisha sauti. Alisema hana ugomvi na mtu. Alisema tangu wamzike baba yake Sikhangele, yeye aliishi peke yake na hakuwahi kukosa maji, na sasa ana mwanamume nyumbani ndio anaoga kwa kikombe. Alisema mpwa wake wa Gwanda anatafuta chumba, na kijana yule ana mikono.

"Mwambie mumeo hivi," alimaliza. "Alhamisi ijayo tangi likikosa maji, mfunge virago mwende kwao Nkayi. Umwambie kama nilivyosema."

Kwao Nkayi kulikuwa na kaka yake Vusumuzi, wake wawili wa kaka yake, na kibanda kimoja cha akiba ambacho mbuzi walikuwa na haki nacho zaidi. Sikhangele alikwisha kulala humo wiki moja baada ya harusi. Mbuzi hawakuwasamehe.

Alitoka nje. Vusumuzi alikuwa akikamua suruali kwenye mpera.

"Mama kasemaje?"

Sikhangele alimtazama. Alikuwa na tope kwenye nyusi.

"Kasema pole na kazi."

Vusumuzi alitabasamu mpaka tope likapasuka. Alisema siku zote anajua mama yule ana moyo, ni vile tu hauonyeshi.

*

Imani ya Vusumuzi katika gundi ilikuwa na historia. Kabla ya kiwanda alimsaidia fundi mmoja kufunga mabomba ya vyoo katika nyumba mpya, mabomba meupe, magumu. Huko unapaka gundi ndani na nje, unasukuma, unazungusha kidogo, na ukihesabu pumzi chache tu vitu viwili vimekuwa kimoja. Ukitaka kuvitenganisha leta msumeno. Siku anaondoka, fundi alimpa kopo la gundi ile kama shukrani. Vusumuzi alilitunza kuliko cheti cha ndoa.

Sikhangele aliokota kipande cha bomba jeusi kilichochomoka, akaikwaruza gundi kwa ukucha. Ilibanduka yote kwa pamoja, laini, kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Vusa, haikushika popote."

"Haikupewa muda."

"Hii ni plastiki nyingine. Ile ilikuwa nyeupe."

"Plastiki ni plastiki. Unataka kuniambia gundi ina ubaguzi?"

Alipaka upya, na safari hii akaipa muda mpaka kesho yake. Asubuhi alilivuta bomba kwa vidole viwili, likaja. Alitazama pande zote kama kuna aliyeona. Mzee Ndiweni aliona, akainua kofia.

Jumamosi walikwenda dukani kwa Bwana Tshili, anayeuza misumari, makoki na maneno. Bwana Tshili alisikiliza habari ya gundi huku akitikisa kichwa polepole, kama daktari anayesikia mgonjwa alikunywa nini kabla ya kuja. Alisema bomba jeusi halipendi gundi ya aina yoyote. Lina mafuta yake ya kuzaliwa, ungelipaka asali lingekushukuru vile vile. Hilo hufungwa kwa kiungio cha kukaza kwa mkono, bila gundi, na wateja wake wote wanajua. Alisema hivyo kwa sauti ya kuwafikia wateja wake wote.

Alileta kiungio. Bomba lao liliingia humo likacheza, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Akaleta kidogo zaidi, hicho hakikupita hata ncha. Ndipo Bwana Tshili alipolitazama bomba vizuri, akaacha mzaha, akasema bomba hili ni la zamani, vipimo vyake havitengenezwi tena. Dawa ni kung'oa lote na kulaza jipya. Alitaja bei. Vusumuzi alimshukuru kwa muda mrefu sana, akatoka kinyumenyume.

Njiani walipofika kwenye kisima cha shule, ambako wanawake walikuwa wamepanga madumu yao mpaka barabarani, alichukua toroli yao ya madumu mikononi mwa mkewe, akasema leo atapanga foleni yeye. Wanawake wakampisha kwa heshima ya kupita kiasi. Mmoja akauliza, si kumuuliza yeye, aliiuliza tu hewa, kama siku hizi wanaume ndio wanaoolewa ukweni. Vusumuzi alijaza madumu yote akiwa amekaza shingo, na alipofika nyumbani alisema maji ya kisimani yana chumvi.

Jioni MaGumede alimuuliza binti yake kama ule ujumbe ulifika.

"Ulifika, mama. Anaomba radhi sana."

Asubuhi Sikhangele alimpelekea mumewe kiazi kitamu cha kuchemsha, ambacho kwa hakika kilikuwa chake yeye, akamwambia mama amemtumia, anaona amekonda. Vusumuzi alikila chote na kuuliza kama mama anapenda mapera.

Ikawa ndiyo desturi. Kila jioni Vusumuzi aliomba radhi bila habari, na kila asubuhi MaGumede alimhurumia mkwe wake bila kujua. MaGumede alianza kusema kwamba kwa mtu anayejua kosa lake kijana anaonekana mchangamfu mno. Sikhangele alisema ni uso wake tu uko hivyo. Usiku alilala akihesabu mbuzi wa Nkayi, na hawakumletea usingizi.

Siku ya Jumatano Vusumuzi alileta tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata vipande virefu, akalifunga bomba raundi juu ya raundi, kisha waya juu ya tyubu, kisha tyubu juu ya waya, mpaka kiungo kikawa kama goti lililovunjika.

Mzee Ndiweni alikitazama kwa muda.

"Akiamka," alisema, "mpe uji mwepesi."

*

Alhamisi ni siku ya maji, na pia ni siku ya akina mama wa kanisa. MaGumede alikuwa amevaa sare tangu mapema, maana kabla ya ibada wangepita kumwombea mgonjwa: blauzi nyekundu, sketi nyeusi, ukosi mweupe uliopigwa pasi mpaka ukasimama wenyewe, na kofia nyeupe. Alitoka uani na Biblia kwapani, akasimama mbali na mkwe wake kwa umbali wa adabu. Bahati mbaya umbali wa adabu ulikuwa sambamba na kile kiungo.

Maji yalipofika, bomba lilikohoa. Goti likavimba. Vusumuzi alilishika kwa mikono miwili, akalisemesha kwa upole. Tyubu ilitanuka upande mmoja kama shavu la mpiga tarumbeta, na maji yakaruka kwa mshale mwembamba, juu, yakapita mpera, yakaishia kwenye kofia ya MaGumede.

Hakuna aliyesogea. Hata mzee Ndiweni alitazama pembeni.

"Sikhangele," Vusumuzi alisema, macho yake chini kabisa, "mwambie mama samahani."

"Sikhangele," MaGumede alisema, "mwambie mumeo nimelowa."

Sikhangele hakumwambia mtu kitu. Alikimbia mbele ya nyumba, akafunga koki ya mita, na aliporudi ua ulikuwa kimya, isipokuwa kwa majirani, ambako kila tangi lilikuwa likiimba. Mama yake alikuwa amevua kofia na kuikung'uta. Hakuonekana na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Sikhangele. Alikuwa akitazama dirisha la chumba cha nyuma kama mtu anayepima pazia.

Maji yangekuwa kwenye mabomba ya mtaa mpaka mchana. Baada ya hapo, Nkayi.

Aliinama kuokota ndoo yake ili angalau akinge kidogo kwenye mita, na ndipo macho yake yalipotua kwenye tako la ndoo. Ilikuwa na kovu. Mwaka uliopita ilipasuka, na mama yake alipasha kisu motoni, akapitisha kwenye ufa, plastiki ikayeyuka na kushikana yenyewe kwa yenyewe. Wanawake wa Pumula wote hufanya hivyo kwa ndoo na mabeseni, hakuna anayeita ufundi. Ndoo ilikuwa nyeusi, na ukiikwaruza ilikuwa na ule ule utelezi wa bomba.

"Vusa," alisema, "hii ndoo haikuungwa na gundi."

Vusumuzi aliitazama ndoo. Alitazama bomba. Kuna namna ya uso ambayo mtu huwa nayo akigundua kwamba kitu alichokuwa anakitafuta kwa wiki nzima ameogea ndani yake. Hakubisha. Alichukua msumeno, akakata ncha zote mbili zilizochakaa mpaka zikawa safi, na vile vipande viwili vifupi akavitumia kujaribia.

Moto ulikuwepo uani, maana umeme ulikatika tangu jana. Kwanza alitia jembe. Lilipokolea aliligusisha vipande pande zote mbili, vikayeyuka vizuri, ila alipotaka kuvitoa vilikataa. Viling'ang'ania kutu ya jembe na kuvutika nyuzi nyuzi kama ubani wa kutafuna. Alihitaji chuma laini, bapa, kisichonata. Alifikiri. Alijikuna. Kisha akamnong'oneza mke wake kitu, na Sikhangele akasema hapana, kamuombe mwenyewe, na wote wawili wakakumbuka kwamba haiwezekani.

"Mama," Sikhangele alisema, "anauliza kama anaweza kupata kile kikaango."

Kikaango cha MaGumede hakikuwahi kuguswa na sabuni. Alikikaangia mayai na dagaa tangu alipoolewa, na kila mara alikipangusa kwa kitambaa tu, mpaka kikawa cheusi, laini, kinachong'aa kama kioo cha usiku. Binti yake mwenyewe hakuruhusiwa kukigusa. MaGumede alisimama kidogo, sare inamtiririka. Halafu aliingia jikoni, akatoka nacho, akakiweka chini katikati ya ua, akarudi nyuma. Vusumuzi alisubiri mpaka amefika mbali, ndipo akaenda kukichukua.

Safari hii vipande viliachia. Mara ya kwanza kikaango kilikuwa cha moto mno, plastiki ikatoa moshi na kunuka. Mara ya pili walikiacha kipoe kidogo, na ncha zikaanza kung'aa, kisha zikajikunja mdomo kama mtoto anayekaribia kulia. Hapo hapo Sikhangele alichomoa kikaango, Vusumuzi akazikutanisha ncha akasukuma, akashikilia mpaka zikapoa. Alikiweka kipande gotini akajaribu kukivunja. Alijaribu kwa nguvu zote. Goti ndilo lililosalimu amri.

Lakini kipande cha mkononi ni kimoja na bomba la ardhini ni jingine. Lile lilikuja zamani likiwa limeviringishwa, na halikusahau. Walipolifukua, kila upande ulijikunja unakotaka. Mtu mmoja angeshika upande wa mita, mwingine upande wa tangi, wote wakaze, na wa tatu katikati na kikaango. Sikhangele alimwita mzee Ndiweni. Mzee alisema angekuja kwa moyo wote, ila leo ni siku ya maji, mpira wake wa maji uko tangini, na hata akifa itabidi asubiri mchana. Majirani wa upande mwingine walisema hivyo hivyo, kwa maneno machache zaidi.

Sikhangele alirudi katikati ya ua. Vusumuzi alikuwa amepiga magoti upande wa mita, amekamata bomba. Upande wa tangi hakukuwa na mtu. Kikaango kilikuwa kinakolea.

MaGumede aliweka Biblia juu ya matofali. Alivua shali, akaitandika kwenye tope, akapiga magoti juu yake, akalishika bomba kwa mikono miwili. Kwanza aliligeuzia mgongo, kama inavyopasa, na ncha ikaenda kuchungulia kitalu cha maharage.

"Mama, haliko sawa," Sikhangele alisema.

MaGumede aligeuka. Alilikazia bomba macho, bomba tu. Mtu akitazama ncha ya bomba hana hatia kama mwisho wake wa pili kuna mkwe.

Sikhangele alikausha ncha kwa kanga yake, akaleta kikaango, akakisimamisha katikati. Waliegemeza, huyu huku, yule kule. Plastiki ilianza kung'aa. Ikajikunja mdomo.

"Natoa," alisema, akachomoa.

Hapo hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

"Sukuma, Dube," MaGumede alisema.

Vusumuzi alisukuma. MaGumede alisukuma. Ncha zikakutana, zikatoa pete nene ya plastiki kuzunguka pote, nyeusi, mbaya kwa sura. MaGumede alimwambia asizidishe; Vusumuzi alisema ndiyo, mama; akamwambia asiachie; akasema haachii, mama. Kisha wote wawili wakasikia walichokuwa wanafanya, wakanyamaza.

Kitu cha namna ile hakipozwi kwa maji, hupoa chenyewe, na mpaka kipoe hairuhusiwi kutikisika. Wakakaa hivyo, wamepiga magoti wanatazamana juu ya bomba moja, hakuna anayeweza kuondoka. Nzi alitua kwenye pua ya Vusumuzi akatembea anavyotaka. Matangi ya majirani yalikuwa yanaanza kufurika.

Aliyeshindwa kwanza ni MaGumede.

"Umelichukulia vizuri," aliliambia bomba. "Mwingine angekasirika."

"Jambo gani, mama?"

"La kwenda Nkayi."

Vusumuzi alifikiri. "Nani anakwenda Nkayi?"

MaGumede aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akamtazama mkwe wake usoni, kisha wote wawili wakageuza vichwa pamoja, taratibu ili wasitikise bomba, wakamtazama Sikhangele. Sikhangele alikuwa ameona kitu kwenye kikaango kinachohitaji kukwanguliwa.

"Na zile radhi za kila jioni?" MaGumede aliuliza.

"Radhi gani, mama? Mimi nilikuwa nikikushukuru moyoni kwa viazi."

"Viazi gani?"

"Vya asubuhi. Kwa kuwa nimekonda."

MaGumede alimtazama kuanzia shingo mpaka tumbo. "Nani kasema umekonda?"

Sikhangele alisikia masikio yake yakipata moto kuliko kikaango. Alitaka kusema alikuwa akiogopa, kwamba mbuzi, kwamba kibanda, kwamba maneno yakipita kwake huwa yanamchoma njiani na hawezi kuyafikisha yakiwa yangali ya moto. Alisema tu kwamba anadhani limepoa.

"Bado," walisema wote wawili.

Wakaendelea kushika. Mabega ya MaGumede yalianza kutetemeka, na Sikhangele alidhani ni baridi ya sare iliyolowa, mpaka aliposikia sauti. Mama yake alikuwa anacheka, midomo imefungwa, kwa bidii kubwa ya kutotikisa bomba. Vusumuzi aliinamisha kichwa kwa adabu na kucheka akitazama tope.

*

Alipofungua koki ya mita, Sikhangele aliifungua kidogo kidogo. Maji yalikuja yakigugumia, yakafika kwenye ile pete mbaya, na hawakuona kitu. Vusumuzi alipitisha kidole kuzunguka pote, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Nyuma ya nyumba tangi lilipiga ngurumo ya kitu kitupu kinachoguswa na maji ya kwanza, na MaGumede alifumba macho kama aliyesikia jina lake.

Halikujaa. Mchana ulipofika na mabomba kunyamaza, maji yalikuwa yamefika nusu, na nusu ya tangi ni wiki moja kwa watu wasiooga kwa fujo. Mzee Ndiweni aliuliza juu ya ukuta kama mgonjwa amepona. Vusumuzi alisema amepona, ila haruhusiwi kupokea wageni.

MaGumede alikuwa amebadilisha blauzi na kufuta magoti. Kofia ilikuwa na umbo jipya, lakini aliivaa. Alijifunika mabega kwa kanga ya binti yake, akasimama kizingitini pale pale anaposimama siku zote, na Vusumuzi alipomwona aliinamisha kichwa na kutazama mpera.

"Sikhangele."

"Mama."

"Mwambie mumeo paa la chumba cha nyuma lina tundu upande wa kitanda. Alizibe kabla ya mvua. Umwambie neno kwa neno. Nasikiliza."

Mvua ilikuwa bado mbali sana. Sikhangele aligeuka na kumwambia mumewe kwamba paa la chumba cha nyuma lina tundu upande wa kitanda, alizibe kabla ya mvua.

Vusumuzi alifuta kitu usoni kwa mkono wenye masizi, akajipaka mstari.

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama," Sikhangele alisema, "na anashukuru sana, anasema hakuna mama duniani—"

MaGumede alikohoa.

"Amesikia," Sikhangele alisema.